Mama aliangukwa na sukari akiwa wodini, na dawa zote alizomeza ni halali. Nielewesheni

BintiMwandiga (Kigoma)

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Naandika nikiwa nyumbani Mwandiga, mama amelala chumba cha pili, juzi ndiyo tumetoka wodini. Jina la hospitali silitaji, sijaja kushtaki mtu. Nataka kuelewa tu, maana hapa nyumbani tumegawanyika makundi mawili na mimi nimebaki katikati.

Mama ana miaka 74. Kisukari anacho mwaka wa kumi na moja huu, presha ilitangulia. Kliniki hakosi. Dawa zake za siku zote ni glibenklamaidi, asubuhi viwili jioni kimoja, na metformini, na losatani ile iliyochanganywa na dawa ya kukojoza. Mwezi uliopita akaanza kulalamika mkojo unamchoma, akajinunulia septrini duka la dawa. Siku ya tatu homa, kutapika, chakula hataki hata kukiona. Uji ukimpa vijiko viwili anageukia ukutani. Tukampakia kwenye bajaji, kufika hospitali kipimo kikasoma malaria, akalazwa, akaanzishiwa sindano.

Usiku wa kwanza nililala naye, mimi chini kwenye mkeka. Kama saa tisa nikasikia anaongea, nikadhani ananiita. Kumbe anaongea na marehemu dada yake, mama mkubwa wangu, aliyefariki 2009, anamwambia aanue dagaa mvua inakuja. Namshika mkono, umelowa jasho, kanga kama imetolewa ziwani. Mama mmoja wa Kasulu kitanda cha jirani akaamka akaanza kusali kwa sauti, anasema hayo ni mapepo, yafungwe. Nikakimbilia nesi. Yule dada hakubishana na mapepo ya mtu, alikuja na kimashine chake akamchoma kidole: sukari 1.8, iko chini mno. Hapo hapo akampa glukosi ya mshipa. Bomba la sindano halijaisha, mama akafumbua macho akaniuliza, "Mbona umesimama?"

Tukashukuru Mungu. Saa kumi na mbili asubuhi kikarudi kile kile, jasho na kuropoka, kipimo 2.6. Ndipo akafungiwa dripu ya sukari, akawa anapimwa kila saa.

Daktari wa raundi alisema, "Haya ni madhara ya dawa." Akasema pia kreatinini, kile kipimo cha figo, iko juu, figo zimeelemewa, akafuta dawa tatu kwenye faili. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu, nikaona haya kuuliza zaidi.

Sasa kuna jambo sikumwambia mtu pale wodini. Nilipokuwa nambadilisha ile kanga nilikuta fundo kwenye pindo, ndani yake vidonge vitano vya kisukari. Kumuuliza, ananijibu: "Daktari wa kliniki aliniambia nisiache hata siku moja." Kumbe jioni ile nesi alimpa dawa zake za kisukari kama zilivyoandikwa, na yeye taa zilipozimwa akameza na za kwenye fundo. Tumboni hamna hata kijiko cha uji.

Shangazi anasema hospitali imemtilia mama sumu, dawa zote zitupwe, kuna mzee Ujiji ana mizizi. Kaka yangu anasema mama kajitakia mwenyewe. Mimi sioni mkosaji mmoja hapo. Ninachouliza: dawa halali zinawezaje kumwangusha mtu namna ile? Kwa nini sukari ilianguka tena wakati glukosi ameshapewa? Na je, nimwachishe?

---

Mti_Mkavu

Pole dada. Kemikali zote hizo ni sumu, miili yetu haikuumbiwa. Mpe unga wa mlonge asubuhi na jioni, wiki mbili tu utarudi hapa kunishukuru.

---

NesiMstaafu (Ujiji)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Wewe wa mlonge, mti huo hata mimi ninao uani, majani yake nayapika. Lakini si mnasema unashusha sukari? Haya, mgonjwa ametoka kwenye 1.8, unataka kumshushia mpaka wapi?

Binti, nimekaa wodi ya wanawake miaka 31. Swali lako la pili nalijibu kwanza, kwa kuwa ndilo linaloondoka na watu alfajiri. Glibenklamaidi kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini. Haiulizi kama umekula. Umeshiba itakamua, una njaa itakamua. Na haiishi upesi, inaweza kukaa na mtu siku nzima, na hata ikishavunjwa kwenye ini mabaki yake bado yana nguvu, yanasubiri figo ziyatoe. Figo zikiwa nzito, yanakaa. Glukosi ya sindano inaamsha mtu papo hapo, kweli, lakini ni ya muda mfupi. Inakwisha, dawa bado iko kazini. Ndiyo maana tulikuwa tunaambizana kwenye makabidhiano ya zamu: aliyeangushwa na vidonge vya kisukari haendi nyumbani asubuhi ile, hata akiamka anacheka. Waliompima mama yako kila saa walijua wanachofanya.

Sasa hilo la dawa halali. Rudi nyuma wiki moja, umtazame mama yako kabla hajapanda bajaji. Figo zina miaka 74, na kisukari kimezisugua miaka kumi na moja. Anameza losatani na dawa ya kukojoza, ambazo akiwa mzima anakula na kunywa hazina neno, ila siku anatapika na hanywi maji zinazibana figo. Juu yake anaongeza septrini. Hapo ndipo watu wengi hawajui: septrini ina salfa, na salfa inaongezea nguvu vidonge vya aina ya glibenklamaidi, tena nayo inatokea kwenye figo hizo hizo. Kisha malaria, ambayo yenyewe inakula sukari ya mwili. Kisha siku mbili hajala. Kisha dozi ya nesi. Kisha dozi ya kanga. Nani hapo ni mchawi? Ungeondoa viwili tu katika hivyo, pengine angelala mpaka asubuhi.

Na huyo kaka yako mwambie apunguze ukali. Mama alifanya alivyoagizwa. Kliniki walimwambia usiache hata siku moja, wakasahau kumwambia siku usiyokula ufanyeje.

Upande wa wodi nao nausema, maana nimekuwa huko. Mgonjwa anapokelewa, aliyechoka anamuuliza aliye na homa, "Unatumia dawa gani?" Anajibu, "Za presha na sukari." Inaandikwa, imekwisha. Septrini haisemwi, kwa kuwa kwa mama zetu dawa ni zile za kliniki, zenye kadi. Ya dukani hiyo "nilimeza tu." Dawa ya kienyeji ndiyo kabisa, hiyo mpaka umfukuze ndugu mlangoni ndipo unaambiwa. Mimi baadaye nikawa na desturi mbaya ya kupekua: naomba mfuko, nainua mto, nauliza fundo la kanga. Nimekutana na vitu. Mama mmoja alikuwa na dawa za jirani yake, kisa zilimsaidia jirani.

Nitakwambia moja langu mwenyewe, hospitali na mwaka niache. Tulikuwa na mzee mwembamba, kilo 41. Aliandikiwa jentamaisini, sindano ya kuua bakteria, dozi ya mtu mzima mwenye mwili wake, na lasiksi, dawa ya kukojoza, kwa ajili ya miguu iliyovimba. Mimi ndiye niliyekuwa namchoma. Siku ya kwanza namwamkia, anaitikia na kunitania kwa Kiha. Siku ya nane namwamkia, kimya. Siku ya tisa kimya. Nikasema moyoni mzee huyu amekuwa na kiburi, au kachoka na sindano zangu. Aliyegundua ni mjukuu wake wa miaka kama saba: "Babu hasikii." Masikio yalikuwa yamekwenda, na hayakurudi. Jentamaisini inajulikana kwa figo na masikio, na lasiksi ikiwa karibu hatari inaongezeka, hayo tulisoma shuleni wote. Lakini hakuna aliyempima uzito upya wala figo, na mimi niliyekuwa namwona kila siku nilidhani ni tabia.

Hata dawa za serikali nzima zimewahi kutufundisha. Enzi za klorokwini ya malaria watu walijikuna mpaka wanajisugua kwenye miti, ukimwambia mtu meza anaomba afadhali homa. Mwaka 2001 ikaja SP, nayo ya malaria, tukafurahi, dozi moja umemaliza. Nikaona kwa macho yangu msichana ngozi inatoka kama ya ndizi iliyochomwa. Wachache sana, ila ukimwona mmoja humsahau. Mwaka 2006 ukaja mseto, hii dawa ya malaria ya sasa.

Nakuuliza kitu kimoja, unijibu ukweli. Magoti ya mama hayamwumi?

---

Mkulima_Urambo (Tabora)

Shikamoo mama nesi. Mimi ni wa tumbaku, mambo ya hospitali siyajui, lakini hapo kwenye ngozi umenigusa.

Mwaka 2014 nilimeza septrini kwa ajili ya kuhara. Siku kama ya kumi midomo ikapasuka, macho mekundu kama nimechungulia bani la tumbaku usiku kucha, mgongo malengelenge. Nililazwa wiki tatu. Waliniambia kwa mdomo, "Usije ukatumia tena dawa za salfa." Kwa mdomo tu. Kadi haikuandikwa.

Baada ya miaka miwili nikalazwa hospitali nyingine kabisa, homa kali, sijielewi. Mke wangu alikuwa ameenda kwao Kaliua, aliyenisindikiza ni kibarua wangu wa shambani, kijana hajui hata jina langu la pili. Nikapewa septrini. Vidonge viwili tu. Mke alifika jioni, akaona jina kwenye kopo, akapiga kelele wodi nzima ikageuka. Namshukuru kwa kelele zile mpaka leo.

Swali langu: yangu na ya huyu mama ni kitu kimoja? Maana zote mbili zinaitwa madhara ya dawa.

---

FamasiaZamuYaUsiku (Kigoma)

Shikamoo mama nesi. Mzee wa Urambo swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa dirishani.

Si kitu kimoja. Ya mama wa Mwandiga ni dawa iliyofanya kazi yake ile ile, ila imezidi. Iliumbwa kushusha sukari, ikashusha kupita kiasi. Hiyo mtu mwenye uzoefu anaweza kuiona inakuja, na ukipunguza dozi au ukibadilisha dawa inatulia. Ndiyo iliyo nyingi mahospitalini. Yako wewe ni mwili kuikataa dawa, hata dozi ndogo inatosha, na dawa ya kuitibu ni kutoigusa tena maisha yako yote. Kwa hiyo wewe uwe na karatasi mfukoni, jina la dawa, mwaka, na ilikufanyaje. Pia ukiandikiwa SP, taja, maana nayo ni ya salfa. Mama huyu hana haja ya kuandikiwa kwamba ana mzio wa dawa ya kisukari. Akiandikwa hivyo kwa makosa atanyimwa dawa bure.

Nimeona mtu hapo juu anasema miili yetu haikuumbiwa. Uingereza, maeneo ya Liverpool, walifuatilia wagonjwa 18,820 waliolazwa kwenye hospitali mbili, matokeo yakatoka 2004. Waliolazwa kwa jambo linalohusiana na madhara ya dawa walikuwa asilimia 6.5. Na dawa zilizoongoza ni za kila siku: aspirini, dawa za kukojoza, wafarini ya kuzuia damu kuganda, na dawa za maumivu. Wazungu kwa dawa zao, hospitali zao. Mwili ni mwili. Anayeumizwa zaidi, huko na huku, ni mzee mwenye dawa nyingi na figo dhaifu. Kila dawa inayoongezeka inazidisha namna za kugongana na zile za zamani.

Kuhusu glibenklamaidi, binti, nenda nalo kliniki hili: Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu limeandika kwamba glibenklamaidi haifai kwa mtu aliyepita miaka 60. Mbadala inayotajwa ni gliklazaidi. Nayo inaweza kushusha, lakini kwa mzee ni afadhali. Usiende kugomba. Sema tu, "Daktari, mama aliangukwa na sukari mara mbili usiku mmoja, na majibu ya figo haya hapa."

Swali lako la kumwachisha: usimwachishe mwenyewe. Sukari ikiachwa ipande nayo inaua, ila haina haraka. Zile tatu zilizofutwa wodini zibaki zimefutwa mpaka kliniki waseme, na nenda wiki hii, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Waombe wakuandikie kwenye daftari: siku asiyokula, kipi kinaruka na kipi hakiruki. Ukiona jasho, kutetemeka au maneno yasiyoeleweka na bado anaweza kumeza, vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda, kisha chakula, kisha hospitali. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, itakwenda mapafuni. Mkimbize.

Na ripoti itumwe. Kuna fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, hospitali wanayo, mfamasia au nesi anaijaza, na mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kutoa taarifa. Haihitaji uwe na uhakika, kushuku kunatosha. Wengi wetu tunaiogopa, tunadhani ni kujishtaki. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini sikujaza hata moja, na si kwamba sikuona kitu.

---

BintiMwandiga

Asanteni sana. Mama nesi, umenishika. Magoti yanamwuma, tena sana.

Nilipoisoma hiyo nilichukua mfuko wake wote nikaumwaga mkekani. Aina tisa. Kliniki wanazijua tatu. Kuna diklofenaki, dawa ya maumivu, boksi mbili, moja ya kijani na moja nyeupe, majina makubwa tofauti, nikasoma maandishi madogo chini yake kwa tochi ya simu: ni kitu kile kile. Amenunua maduka mawili. Alikuwa anameza ya kijani kwa magoti na nyeupe kwa kiuno.

---

NesiMstaafu

Nilijua. Diklofenaki juu ya losatani juu ya dawa ya kukojoza, tena mtu anatapika. Hizo tatu zikikutana kwenye figo za mzee hazimbakizi. Peleka na hayo maboksi kliniki, usiyaache nyumbani kwa aibu.

---

BintiMwandiga

Nimeenda leo asubuhi. Nilibeba mfuko mzima, daktari akaupanga mezani kama duka. Kreatinini ya wodini ilikuwa 212, leo 138. Glibenklamaidi imeondoka, amepewa gliklazaidi nusu kidonge asubuhi, na ni baada ya kula. Metformini bado imesimamishwa mpaka kipimo kingine baada ya wiki mbili. Ile ya kukojoza ameitoa, amebakisha kidonge cha presha cha aina nyingine. Diklofenaki zote mbili zimepigwa marufuku, apakwe dawa ya kuchua na ameze panado. Nikamwambia na habari ya fundo la kanga. Hakunicheka. Alimgeukia mama akamwambia kwa sauti ya taratibu, "Mama, ukilazwa, mwenye dawa ni nesi. Zako mpe binti." Fomu ya njano ameitafuta kabatini mwenyewe, ikabidi aipulize vumbi, tumeijaza pamoja. Pale pa dawa nyingine alizotumia tulikosa nafasi, tukaandika pembeni.

Shangazi bado ana mizizi yake kwenye chupa ya maji. Nimemwomba asubiri tukapime figo kwanza, amenuna lakini amekubali kuiweka juu ya kabati. Kaka ameona ule mkeka, hajasema tena neno.

Sukari ya asubuhi ilikuwa 8.4. Mchana mama ameomba migebuka ya mawese, akala ugali akamaliza. Jioni nikafua kanga zake, nikakuta tena fundo kwenye pindo. Moyo ulinipasuka. Kufungua, ni shilingi elfu mbili na risiti ya duka la dawa. Risiti nimeitia kwenye daftari.

---

NesiMstaafu

Elfu mbili mrudishie.